Taa Nyekundu ya Kigango cha Daa

Sylvesta alipofika Daa na Landrova ya kuazima, kilichotangulia kushuka kilikuwa miguu mitatu ya chuma ya kusimamishia kamera. Yeye akafuata, kavaa kizibao chenye mifuko kumi na minne. Germana aliihesabu akiwa mlangoni mwa kanisa, ufagio mkononi, akajiuliza mtu mwenye kamera moja anaitakia nini mifuko yote hiyo.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba. Umekonda, au ni hiyo nguo?"

Alikuwa mtoto wa kaka yake, kazaliwa hapo hapo Daa. Alikwenda Arusha kujifunza kupiga picha za vitambulisho, na sasa amerudi anatazama vilima vya kwao kama mtu aliyeteremka jana kwenye ndege. Alikuwa anatengeneza kalenda ya mwaka 1985, ya kuuziwa watalii: milima ya moto, mahekalu na nyota.

"Hekalu liko wapi huku?" Germana akauliza.

"Si hili hapa, shangazi!"

Germana akageuka kulitazama kanisa la kigango. Matofali ya kuchoma, mabati ishirini na sita, na mawe juu yake ya kuzuia upepo. Marehemu mumewe, Qamara, ndiye aliyeyapigilia mabati hayo. "Hili ni kanisa," akasema. "Hekalu lilikuwa Yerusalemu, na lilibomolewa."

Sylvesta akacheka, akaanza kusimulia safari yake. Siku tatu alikaa chini ya Oldoinyo Lengai, mlima wa Mungu kwa Wamasai, akingoja utoe moshi, na mlima ukamnyima. Basi akamwomba mchunga ng'ombe mmoja wa Kimasai, Moloimet, achome majani mabichi nyuma ya kilima cha mbele. Kwenye picha, alisema, huwezi kujua.

"Mwenye mlima anajua," Germana akajibu, akaendelea kufagia.

Alichokitaka Sylvesta Daa kilikuwa picha ya Desemba. Angeiacha kamera wazi nje ya kanisa usiku kwa saa mbili, nyota zichore mistari angani, na dirisha liwe na mwanga kidogo. Lakini siyo ule mwanga uliokuwamo.

"Ile taa yenu nyekundu, shangazi. Kwenye filamu inatoka vibaya. Mtu ataona baa."

Germana aliuegemeza ufagio ukutani. Taratibu kabisa, kama mtu anayetua mtungi.

Taa ile ilikuwa ya Sakramenti, ishara kwamba Bwana mwenyewe yumo ndani. Miaka saba nyuma kigango hakikuwa na Ekaristi. Mgonjwa alisubiri padre aje kutoka Karatu, na wengi hawakuweza kusubiri. Qamara alikwenda kwa Padre Clemensi mara nne kumsihi. Mara ya nne padre alikubali, kwa sharti moja: taa mbele ya tabernakulo, kisanduku cha kutunzia Ekaristi, isizimike. "Siku itakapozimika kwa uzembe, nitamchukua Bwana nirudi naye parokiani." Qamara alipofariki, Germana alibaki na ufunguo, na mafuta ya taa akawa anayapangia foleni dukani tangu alfajiri. Nyumbani alikula gizani ili kanisani kuwake. Tena nyumbani kulikuwa na mama mkwe wake, Lusia, hoi kitandani, ambaye kila Ijumaa katekista Naftali alimpelekea Komunyo. Wiki nzima Lusia aliihesabu kwa Ijumaa hiyo.

"Haizimwi," Germana akasema.

"Saa mbili tu! Nitaweka tochi mahali pake. Mwanga mweupe, safi."

"Tochi."

"Ya betri tatu, shangazi!"

"Basi ipeleke ikakuangazie njia ya Arusha."

Sylvesta hakubishana. Alikwenda kwa Naftali, mwenye ufunguo wa pili. Naftali alikuwa mtu mwema asiyejua kumkatalia mtu mwenye gari. Akaahidiwa kwamba jina lake litachapwa chini ya picha, na ufunguo ukabadilisha mkono kabla chai haijapoa.

Kesho yake alfajiri Germana alikwenda kuongeza mafuta kama siku zote. Toka mbali aliona dirisha, na hakuona wekundu. Ndani alikuta tochi imefungwa kwa kamba penye msumari wa taa, imeshaanza kufifia. Taa yenyewe ilikuwa sakafuni nyuma ya mlango, karibu na ndoo ya kudekia. Aliishika kioo. Kilikuwa cha baridi kama jiwe la mtoni.

Alipiga magoti, akaomba msamaha kwa kosa ambalo si lake, akaiwasha. Kisha akaenda Landrovani. Sylvesta alikuwa amelala, mdomo wazi, kamera kifuani imefunikwa blanketi vizuri kuliko yeye mwenyewe.

"Amka."

"Shangazi! Nilipitiwa na usingizi kidogo. Lakini imetoka! Nina hakika imetoka!"

"Umeiweka taa ya Mungu karibu na ndoo."

"Sasa si umeshaiwasha? Nani atajua?"

Germana alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, mfuko kwa mfuko, na hakuona pa kuliweka jibu. Akaondoka.

Jumapili padre alipokuja, Germana alimsubiri nje kabla ya Misa akamwambia yote, hata la ufunguo wa Naftali. Padre Clemensi alilitazama dirisha la kanisa.

"Mama, ungenyamaza nisingejua."

"Ungefungua tabernakulo mbele yangu, padre, nami nikuangalie tu?"

Baada ya Misa padre alimchukua Bwana, kama alivyosema. Alifanya hivyo kwa huzuni, lakini alifanya. Germana mwenyewe aliizima taa, akaifuta kioo, akaifunga kwenye kanga.

Ijumaa ya kwanza Lusia alivishwa kitambaa safi kichwani akangoja. "Naftali hajafika?" Ya pili akauliza tena. Mvua zilipoanza, gari la padre halikupita Daa mwezi mzima, na Lusia akaendelea kuuliza.

Desemba Sylvesta alirudi na kalenda chini ya kwapa, akaingia mpaka kitandani. "Bibi, nimekuletea kanisa lenu!" Akaifungua mwisho. Kweli ilipendeza: nyota zimejipinda juu ya mabati kama nyuzi za fedha, na dirisha jeupe katikati. Chini paliandikwa, Hekalu la Kale, Afrika. Jina la Naftali halikuwapo.

Lusia aliisogeza karibu na macho. "Taa iko wapi?"

"Ilikuwa inaharibu picha, bibi."

Kikongwe aliishusha kalenda kifuani. "Germana, mwanangu, huyu ni mtoto wa nani?"

"Wa kaka yangu," Germana akasema, na ilimuuma kulisema. Akaichukua kalenda, akaikunja, akamrudishia. "Wauzie wageni. Wao wataona nyumba nzuri. Sisi tunajua Mwenyewe hayumo."

"Lakini shangazi, hii ni zawadi!"

"Basi una mifuko kumi na minne. Tafuta mmoja."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Germana alimfunga mama mkwe wake kitambaa safi, akajifunga kaniki, akashika njia ya Karatu kwa miguu, katika matope, kwenda kumsihi padre. Ilikuwa mara ya kwanza. Qamara alikwenda mara nne.