Mkono wa Pelagia na Sukari ya Masatu

Miaka ile sukari ilikuwa ya mgawo, na Masatu, fundi nyavu wa Nyasho, alikuwa mchoyo nayo. Aliiweka kwenye kopo zito la bati, akalipandisha juu ya kabati. Mkewe, Pelagia, alikuwa amepigwa kiharusi. Mkono wake wa kulia haukupanda kupita kifua, na kopo lile lilitaka mikono miwili.

Hospitali alimkuta Felisian, kijana aliyesomea India jinsi ya kuwarudisha wagonjwa kwenye kazi zao. Felisian alimuuliza anataka mkono urudie kazi gani. Pelagia akajibu kwamba anataka kusonga ugali.

Basi akatandikiwa mkeka, akafundishwa yoga: kuketi wima, kuvuta pumzi taratibu, kuinua mikono pamoja na pumzi. Kisha wakakamua nguo na kusonga ugali wenyewe. Nyumbani alirudia yote akiwa amefumba macho, mpaka Masatu akaingiwa na hofu kwamba mkewe amefuata dini ya Wahindi. Akamuuliza anaomba nini pale chini.

"Naombaga moyo wako ulainike," alisema Pelagia, bila kufumbua macho.

Masatu akachukua nyavu zake, akatoka.

Ugali ulipokuwa unasongeka vizuri, Felisian alimwambia amepona, asirudi. Pelagia hakuinuka mkekani.

"Mwanangu, ugali anapikaga Gati, binti yangu," alisema. "Mimi nataka kufika juu ya kabati."

Alipoeleza sababu, Felisian alicheka hadi akashika ukuta. Toka hapo pumzi na mikono vilielekezwa kwenye rafu, juu yake kopo la maharage, na kila alipolishusha, lilipandishwa rafu ya juu zaidi.

Siku moja Masatu alirudi kutoka ziwani akamkuta mkewe na jirani yao Dorkas wanakunywa chai tamu. Juu ya kabati hapakuwa na kitu. Akauliza nani amelishusha kopo. Pelagia alivuta pumzi, akainua mkono wa kulia polepole hadi vidole vikaelekea darini. Masatu alikuwa amejiandaa kugomba. Badala yake aliketi, akaupokea mkono ule, akaushika kwa muda mrefu mbele ya Dorkas bila kuona haya.

Wiki iliyofuata aliihamishia sukari mvunguni mwa kitanda. Pelagia akarudi kwa Felisian kuomba mazoezi ya kuinama.