Mgongo Upumzike Siku Saba

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, mpiga pasi wa kiwanda cha kufulia mashuka aliweka cheti cha daktari mezani kwa afisa utumishi. Afisa huyo wafanyakazi walimwita Nukta, kwa sababu kila karatasi aliisoma mpaka nukta ya mwisho. Hiki nacho akakisoma.

"Dada, daktari ameandika mgongo upumzike siku saba," alisema. "Wewe hujaandikwa."

Mpiga pasi akachungulia. Kweli, hakuandikwa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja ya kusimama mbele ya pasi na alitamani kulala tu, lakini kubishana na Nukta ni kujitafutia barua ya onyo. Akarudi nyumbani, akauvua mgongo, akaulaza kitandani, akamwomba mdogo wake auangalie. Saa tatu alikuwa kazini.

Alitembea kwa kushikilia kuta. Aliyemchungulia kwa nyuma aliviona vifungo vya mbele vya blauzi kwa upande wa ndani, basi wenzake wakamfunga aproni mbili, moja mbele, moja nyuma. Mashuka yalinyooka kama kawaida. Hilo ndilo lililomponza.

Nyumbani, mgongo ulistarehe. Mdogo wake aliukanda kwa maji ya moto, akaugeuza asubuhi na jioni, akasema ni mgonjwa mstaarabu, haumjibu mtu ovyo kama mwenyewe.

Siku ya nane daktari aliupima, akaandika kwamba umepona na unaweza kurudi kazini. Mpiga pasi akaubeba kwapani mpaka kwa Nukta, akaomba dakika tano za kuuvaa.

"Wa nini tena?" Nukta aliuliza bila kuinua macho. "Wiki nzima umepiga pasi bila huo. Nao una cheti chake, ni mzima. Mgongo utaingia zamu ya mchana, kubeba mafurushi."

Akaufungulia ukurasa kwenye kitabu cha mahudhurio. Mgongo uliinama kidogo, Nukta akaihesabu hiyo kuwa saini yake.

Tangu hapo, saa nane mchana walipishana getini, yeye akitoka, mgongo ukiingia. Aliuambia pole na kazi, akaukanda kidogo, maana yeye peke yake ndiye aliyejua panapouma. Jumapili hapakuwa na zamu. Siku hiyo alilala chali, na mdogo wake alifunga mlango taratibu.

Mwezi wa tatu mgongo ukaanza kuuma tena. Daktari akaandika siku saba. Nukta akasoma mpaka nukta, akasema hakuna shida, mgongo upumzike.

"Zamu yake ya mchana utaishika wewe, dada."

Mpiga pasi akakaza aproni zote mbili, akaingia.