Hatua Thelathini Kutoka Mlangoni

Waceke alikuwa ameendesha watalii miaka kumi na minane bila mgeni wake hata mmoja kuchubuka kidole. Madereva wenzake walimpa jina la utani, Mama Mbali. Simba akionekana, magari saba yangemzingira kama nzi waliogundua kidonda. La nane, lile lililobaki kule nyuma barabarani, lilikuwa la Waceke. Wageni wengine walinung'unika. Yeye aliwapa darubini na kuwaambia neno moja tu: "Mnyama akiacha alichokuwa anafanya ili akuangalie, ujue ushamkaribia kupita kiasi."

Ndiyo maana lililotokea Jumanne ile ya mwezi wa Mei, hakuna aliyelitarajia kwake.

Alitoka nyumbani Mutuini kungali na ukungu, akapita mjini kabla barabara hazijajaa, akafika Parklands saa kumi na mbili na nusu. Wageni wake walikuwa wawili. Ravneet, mwanamke wa miaka arobaini hivi na daktari wa meno, ndiye aliyempigia simu. Wa pili alikuwa baba yake, Mzee Jaswant, mwenye miaka sabini na tisa, kilemba cha buluu na mikono mipana ya fundi. Alikuwa amefanya kazi katika gereji yake karibu na River Road maisha yake yote, na Kiswahili chake kilikuwa cha hukohuko gereji, hakina kona.

"Wewe ndio dereva?" alimuuliza Waceke, akilizunguka gari na kulipiga magurudumu kwa ncha ya kiatu. "Hii gari inakula oili?"

"Hapana, Mzee. Iko sawa."

"Tutaona."

Baba alipokuwa akipanda, Ravneet alimvuta Waceke kando. "Moyo wake hauko poa," alisema kwa sauti ya chini. "Na tangu Mama afariki mwaka jana anaimba kitu moja tu, nipeleke mbuga, nipeleke mbuga. Zamani walikuwa wanaenda kila Jumapili. Mpatie siku nzuri, tafadhali."

Langoni walikuta askari wa mbuga aliyeitwa Joash, mtu wa mizaha ambaye Waceke alimjua tangu alipoanza kazi. Siku hiyo hakuwa na mzaha. Aliegemea dirisha na kuuliza wanaelekea upande gani.

"Mzee anataka kuona mto," Waceke alijibu.

Joash alikuna shavu. "Kuna nyati dume huko chini. Anatembea peke yake. Simba walimkaba Ijumaa, akawashinda, lakini wamemwachia kidonda pajani na jicho moja limeharibika. Ameshika ukali. Jana alitutimua na gari letu zima."

"Analala wapi?"

"Hiyo ndiyo shida. Mvua imeotesha nyasi mpaka dirishani. Anaweza kuwa hatua mbili kutoka kwako na usimwone." Kisha akamtazama mzee kule nyuma, akaongeza kwa heshima, "Baba, leo hakuna kushuka. Hata kujinyoosha."

Mzee Jaswant alitazama mbele, kana kwamba aliyeambiwa ni mtu mwingine.

Asubuhi ile mbuga ilikuwa kimya kwa namna ambayo Waceke hakuipenda. Treni ilipita juu ya daraja linalovuka mbuga kwa nguzo ndefu, na ngurumo yake ilipokwisha hakuna ndege aliyeitikia. Pundamilia waliowakuta hawakuwa wakila. Walisimama wamegusana mabega, nyuso zao zote zimeelekea mtoni. Waceke alipunguza mwendo. Vifaru wawili walikuwa kando ya barabara, mama na ndama, naye akazima gari mbali kabisa.

"Huku unaona nini?" mzee alilalamika. "Siku zetu tulikuwa tunapiga picha hapa, pua kwa pua. Mke yangu Manjit alikuwa anawapigia mluzi."

"Papa, hizo zilikuwa siku zingine," Ravneet alisema.

"Kifaru ni ileile."

Waceke aliinua darubini. Alikuwa akitazama masikio ya yule mama kifaru, yaliyokuwa yakizunguka, yakizunguka, yakitafuta kitu ambacho hakikuwa gari lao.

Njia ya kwenda mtoni ilishuka kati ya migunga, ikawa nyembamba, nyasi zikawa zinafagia milango pande zote mbili. Mzee Jaswant alisogea hadi ukingoni mwa kiti. Pumzi yake ilisikika. Walipofika penye kona ya mto, akanyoosha kidole. "Pale! Ile jiwe!"

Lilikuwa jiwe pana la kijivu, limelala juu ya maji, na njia ya kulifikia ilikuwa uwazi mfupi wa nyasi zilizolazwa.

"Tulikuwa tunakula pale," alisema. "Miaka kumi na moja. Manjit alikuwa anakaa huku, mimi huku. Simama, mama. Nataka kushuka dakika mbili."

"Mzee, haiwezekani. Umesikia askari."

"Dakika mbili."

"Kule kwenye mabwawa ya viboko unaruhusiwa kushuka. Kuna askari na bunduki. Nitakupeleka sasa hivi, ukae hata saa nzima."

"Mimi sikula chapati na mke yangu kwa mabwawa ya viboko," mzee alisema. Hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha usoni. "Nimekuomba mara mbili. Sitaishi kukuomba mwaka ujao."

Waceke alimtazama Ravneet kwenye kioo, akitumaini binti angemkataza. Ravneet alikuwa analia kimya, uso ameugeuzia dirisha.

Kwao Mutuini, mzee hakatazwi mara tatu. Waceke alilelewa hivyo, na malezi ni kama mfupa, huwezi kuyavua kwa sababu ya onyo la langoni. Alisikiliza: maji, upepo, basi. Alitazama nyasi upande wa kulia, akatazama za kushoto. Zile nyasi zilizolazwa zilimkwaruza moyoni, kwa kuwa nyasi hazijilazi zenyewe, lakini mzee alikuwa tayari ameshika kitasa.

"Usiuachilie mlango," alisema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Mkono uwe hapa hapa. Na hakuna mtu kupiga kelele, hata tukiona nini. Mmenisikia?"

Mzee Jaswant alishuka. Akasimama, mkono mmoja kwenye mlango, akavuta hewa ya mto. Kwa muda wa pumzi tatu hivi, mambo yalikuwa sawa. Kisha akauachilia mlango, akaanza kutembea.

"Mzee," Waceke aliita kwa sauti ya chini. "Mzee, rudi."

Hakurudi. Alikwenda kwa hatua za mtu anayeingia nyumbani kwake, moja baada ya nyingine, na Waceke alizihesabu bila kutaka. Alipofika thelathini, ndege watatu wadogo wenye midomo myekundu, wale wanaokula kupe, waliruka kutoka kwenye nyasi zilizo kulia kwa jiwe. Wakazunguka hewani, wakashuka palepale walipotoka.

 Ndege wale hawakai juu ya nyasi. Hukaa juu ya mgongo.

Alishika ufunguo. Nyati alikuwa ameinuka, mweusi na mrefu kuliko jiwe lenyewe, tope limekauka mbavuni mwake na inzi wametanda kwenye paja. Jicho la upande wao lilikuwa limefumba, linatoa usaha. Aligeuza kichwa chote kizima ili amtafute mtu kwa lile jicho lililobaki. Akampata.

"Mzee, usikimbie," Waceke alisema. "Rudi nyuma polepole. Usimpe mgongo."

Mzee Jaswant alisikia. Alipiga hatua moja nyuma, ya pili, ya tatu, viganja vimefunguliwa mbele yake. Nyati alisimama tu, pua juu, akinusa. Pengine angeishia hapo. Waceke aliliwaza jambo hilo mara nyingi baadaye, kwamba pengine angeishia hapo.

"Papa!" Ravneet, akiwa bado kitini, alifungua mlango kwa nguvu na kupiga ukelele uliorudishwa na kingo za mto. "Papa, kimbia!"

Mzee aligeuka ili akimbie, na nyati akaja.

Waceke hakukumbuka kuliwasha gari wala kuingiza gia. Alikumbuka nyasi zikipiga kioo, na kilemba cha buluu kikija kushoto kwake, na weusi ukija kulia. Alilipitisha gari katikati. Pigo lilipokuja, gari lote liliinuka upande, likasita hewani, likarudi chini. Vipande vya vioo viliwamwagikia mapajani. Pembe moja ilikuwa imepenya mlango wake na kutokea ndani, kando ya goti lake, imetapakaa matope. Ikazungushwa, ikachomolewa, na bati likalia kama mtu. Nyati alirudi nyuma, akakitikisa kichwa, akasimama akipumua kwa nguvu. Halafu, bila haraka, akachechemea kuingia vichakani.

Upande wa kushoto, Mzee Jaswant alikuwa amelala chini, mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Nyati hakuwa amemgusa. Bampa la Waceke ndilo lililomgonga.

Walimpandisha wao wawili, Ravneet akishika mabega huku akitetemeka, Waceke akishika kiuno na jicho lake likiwa vichakani. Njiani kurudi langoni mzee hakulia. Alikuwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma, rangi imemtoka, na maneno yake yalitoka moja moja.

"Mama. Sikiliza. Tutasema gari ilizima. Mimi nikashuka kuangalia injini. Mimi fundi, watu wataamini. Wewe hutapata shida."

Waceke aliendesha. Upepo uliingia kwenye tundu la mlango ukipiga mluzi. Uongo ule ulikuwa mzuri, umekaa vizuri kama kifuniko kwenye sufuria yake. Barabara hadi langoni ilikuwa ndefu, naye aliubeba njia nzima.

Joash aliliona gari kabla halijasimama. Aliutazama mlango, akamtazama mzee, akapiga simu kuita ambulensi. Kisha akauliza, "Nini ilifanyika?"

"Gari ilizima," Mzee Jaswant alianza.

"Gari halikuzima," Waceke alisema. "Nilimruhusu ashuke. Na nimemgonga mimi."

Joash alishusha simu. "Wewe, Waceke?" alisema. "Wewe?" Hapakuwa na hasira katika swali lile, na ndiyo sababu lilimuuma.

Alinyang'anywa kibali cha kuingiza wageni mbugani kwa mwaka mmoja. Aliitia sahihi karatasi ya adhabu hiyo bila kubishana. Alasiri, akiwa bado amekaa ofisini kungoja nakala yake, alisikia bunduki mbali, upande wa mto. Ya kwanza. Halafu ya pili. Joash aliingia baadaye, buti zimejaa tope, hakukaa.

"Alikuwa amelala palepale," alisema. "Hakuondoka hata. Daktari wa wanyama alisema lile paja lingepona."

Siku tisa baadaye Waceke alikwenda kumwona mzee katika hospitali moja huko Parklands. Nyonga ilikuwa imefungwa vyuma. Alikuwa amekonda, na bila kilemba, kwa kitambaa chembamba tu kichwani, alionekana mtu mwingine. Walisalimiana. Waliulizana hali. Kisha mzee akauliza lile Waceke alilokuwa akiliogopa tangu ngazi za chini.

"Na yeye? Yule nyati?"

Angeweza kusema hajui. "Walimpiga risasi, Mzee. Siku hiyohiyo."

Mzee Jaswant alifumba macho.  "Yeye alikuwa amelala tu," alisema mwishowe. "Alikuwa mgonjwa, amelala tu." Akageuzia uso ukutani hadi muda wa wageni ulipokwisha.

Ravneet alimfuata Waceke nje hadi kwenye ujia. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi. Alisimama mbele yake.

"Ulituambia tusipige kelele," alisema. "Ulituambia. Kama ningenyamaza, Waceke, yule nyati angekuja?"

Waceke alitamani kumwambia asijilaumu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, laini, ya kumpooza mtu.

"Sijui," alisema. "Labda hangekuja. Na kama ningekataa mara ya tatu, hata wewe hungekuwa na sababu ya kupiga kelele."

Ravneet aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayepokea mzigo aliojua ni wake. Muuguzi aliwapita akisukuma kitanda kitupu. Walisogea ukutani kumpisha, mabega yao yamegusana, na alipokwisha kupita hawakusogea.