Shule Kwenye Skrini

Mchora ramani za majengo alipoacha kazi katika ofisi ya kaka yake, kaka alicheka hadi akafuta machozi. "Nenda, utarudi. Huko nyumbani utachorea nini, penseli?"

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Sasa wateja wake wa kwanza, mume na mke waliotaka kujenga shule ya chekechea, walikuwa wanakuja Jumamosi kuitembelea kwenye skrini, chumba kwa chumba, na kompyuta yake kuukuu ilikuwa ikiganda hata kabla ya kufika koridoni. Wateja hao wakimponyoka, hana budi kufyata mkia na kurudi kwa kaka.

Akamwita fundi kompyuta, jamaa anayejulikana kwa jina la Bisibisi kwa sababu hufungua skrubu kwanza, salamu baadaye. Bisibisi akapachika memori mpya, diski mpya yenye kasi, kadi ya picha nene kama tofali na pawasaplai ya kuilisha umeme. Shule ikafunguka bila kusitasita. Jua likaingia madirishani, na mchora ramani akapiga vigelegele peke yake.

Raha ile haikudumu. Akikaa nayo, kompyuta ilienda vizuri. Akiiacha ichakate picha zake ili yeye ashughulike jikoni, alirudi akaikuta imezimika, kimya. Bisibisi akabadilisha pawasaplai, akakagua waya wote, akakuna kichwa.

"Dada, hii mashine inakuonea haya," alisema. "Ukiwepo inajikaza."

Mchora ramani hakucheka. Aliogopa, na usingizi ukamruka.

Ijumaa mchana Bisibisi alikuja na feni ya ziada bila kupiga simu. Akaingia moja kwa moja, akasimama, akashika kiuno.

"Jamani, nani kakivalisha hiki kitu sweta?"

Kasha la kompyuta lilikuwa limefunikwa gubigubi kwa kitambaa kizito cha kufuma, pembe zimenyooshwa, na matundu ya hewa hayaonekani. Mchora ramani akatoka jikoni, akajishika kichwa. Kitambaa kile alikiona kila siku! Alikuwa akikitoa bila kufikiri na kukaa kazini, maana katika nyumba ile redio, televisheni na hata pasi vilivaa vitambaa.

"Ni mimi," alisema mama mkwe wake, aliyeishi naye, kutoka mlangoni. "Kitu kilichotengenezwa upya hivyo kikae uchi, na wageni wanakuja?"

"Mama, kinapumua kwa hapo juu. Ukikifunika kinapata joto, kinazimika," Bisibisi akamweleza.

"Kumbe kinapumua! Sasa mbona hamkuniambia, mwanangu?"

Mchora ramani alitaka kukasirika, akashindwa. Walicheka wote watatu mpaka Bisibisi akaomba maji.

Jumamosi wateja walitembea shule nzima bila picha kukwama hata mara moja. Mke aliomba warudi tena darasa la watoto wadogo, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia mumewe, "Ndiyo hii." Wakakubaliana kazi ianze.

Walipoondoka, mchora ramani akampigia kaka, moyo mweupe. "Kaka, nafasi yangu mpe mtu mwingine. Sirudi."

Upande wa pili kaka akajikohoza.

"Sawa, mdogo wangu. Hongera. Lakini nitumie basi namba ya huyo fundi wako. Mashine zangu huku zimeganda tangu asubuhi."