Mume Wangu, Namba Nne

Tone la maji linaanguka kutoka bomba la jikoni, to, ndani ya sufuria niliyoiacha chini yake, kisha lingine, to, na hapa Muheza adhana ya alfajiri bado. Nasema nitainuka nikalifunge, lakini usingizi unanizidi, na matone yanageuka njumu za viatu vya mpira zikigonga sakafu, ko, ko, ko, nami nazifuata kwa sababu naijua hatua ile, inayouhurumia mguu wa kulia. Ni ya Mhina, mjukuu wangu, aliyezaliwa Uingereza na binti yangu Mwantumu, akamzika mama yake hukohuko akiwa na miaka kumi na tisa. Jana amecheza mechi yake ya mwisho, goti limekataa, na sijui imekwishaje. Miaka kumi na sita ya ubeki, na hakuna ndugu hata mmoja aliyewahi kukaa jukwaani kumtazama. Aliniambia kwenye simu, huku akicheka: Bibi, wenzangu wanawapungia mama zao, mimi nampungia mshika kibendera.

Nafungua mlango wa jiko na nje si uani kwangu, ni barabara yenye nyumba za matofali mekundu na mvua nyembamba. Mwisho wake pana mji, na katikati ya mji uwanja wenye nguzo nne za taa. Naupita, natokea mji uleule, nyumba zilezile, ila kushoto kumekuwa kulia. Kila mji una chumba chake cha kupanga: kitanda kimoja, kikombe kimoja, taulo lenye barafu ya goti. Katika mji wa klabu kubwa naliona benchi alilokalia misimu mitatu, limebonyea mahali pake. Katika mji wa timu ndogo, mama mfua jezi amemshindilia magazeti ndani ya viatu vikauke, na kando yake amemwekea kipande cha keki. Namwambia ahsante, dada. Hana uso, lakini anainamisha kichwa.

Kwenye lango la uwanja wa mwisho amesimama mtu wa koti la njano, naye hana uso. Mwanangu, namwambia, namtafuta beki, namba nne. Ananijibu, Kitendawili. Tega, nasema. Akifanya kazi vyema hakuna aliyemwona, akikosea mara moja mji mzima unamjua. Ndiye huyohuyo, namwambia, nipishe. Anacheka, ananishika kiwiko kwenye ngazi zinazoteleza, ananifutia kiti kwa mkono wa koti lake.

Maelfu wamekaa, hawana nyuso. Mhina yuko kule chini, mrefu, peke yake mbele ya lango lao, akiwapanga wenzake kwa kidole. Hatazami jukwaani, amezoea. Najizuia, najizuia, kisha nashindwa, namwita kama ninavyomwita tangu mchanga, maana amepewa jina la marehemu babu yake: Mume wangu! Mume wangu wee, mkeo nimekuja! Anageuka. Mpira unapita mgongoni kwake, unaingia wavuni. Uwanja mzima unamzomea, nami najifunika kanga usoni, nimemharibia siku yake. Nikichungulia namwona anapunga mikono yote miwili. Umechelewa, bibi harusi! anapaza sauti. Umenipikia nini?

Simu inalia, niko kitandani. Ni yeye.

Bibi, jana tumefungwa moja bila, na kosa ni langu. Nilisikia mtu ananiita, nikageuka.

Walikuzomea, baba?

Walinizomea. Sikujali.

Mechi ilikuwa jana, na mimi nimetoka huko sasa hivi. Nasikiliza jikoni: bomba limefungwa, na sikumbuki kuinuka. Mvua ya wapi hii iliyolowesha upindo wa kanga yangu, au ni maji ya sufuria?

Zile ngazi zinateleza, ananiambia taratibu. Ulishuka salama?

Nilishikwa mkono, mume wangu.

Namsikia akipumua.

Njoo tena, Bibi. Hata kama sichezi.