Msalaba Uonekane

Hulda Kahongya alikuwa na kosa moja tu, na kosa lenyewe lilikuwa jiko. Chumba cha jiko, si moto: kuta nne za matofali ya kuchoma na bati kuukuu, alizozijenga marehemu baba yake pembeni ya kiwanja chao mjini Butembo, wakati barabara ilikuwa bado njia ya mbuzi. Halafu mji ukaja na kamba zake, ukapima barabara upya, ukakuta jiko limeingia barabarani sentimita sitini. Jiko halikutembea. Iliyotembea ni barabara, lakini nenda ukawaambie hivyo watu wa biro, ofisi ya mji, uone watakavyokutazama.

Wakachora msalaba. Kila mtu Butembo anaujua, ile mistari miwili ya rangi nyekundu iliyopishana ukutani na namba ya dosie, yaani faili, chini yake, maana yake bomoa. Na faini juu, dola mia tatu na ishirini. Mwanamke anayepanda hadi milima ya Alimbongo kila juma kutafuta viazi, akarudi kuviuza sokoni kwa faida ya sabuni na chumvi, angezitoa wapi? Hulda akanyamaza, akidhani na wao watanyamaza. Thubutu. Kwa miaka miwili faini ilizaa adhabu za kuchelewa hadi ikafika dola mia nane na sitini, na juu yake wakaweka kizuizi, kile wanachokiita opozisio: kiwanja hakiuzwi, hakigawanywi, wala hakipewi ruhusa ya kujenga hata banda la kuku mpaka deni liishe.

Kwa nafsi yake angeishi na kizuizi hicho hadi azikwe, maana hakuwa na nia ya kuuza. Shida ilikuwa Salomon, mdogo wake. Salomon alikuwa na shamba la kakao upande wa Mangina. Alilikimbia kwa sababu ya vita, akalirudia, akalikimbia tena, na sasa alikuwa amepanga vyumba viwili huko Beni na mke wake Rébecca na watoto watano, akibeba magunia ya watu sokoni. Nusu ya kiwanja cha baba ni yake, hakuna aliyebisha. Hulda alimwahidi kwamba kabla ya mvua kubwa za Septemba atakuwa na nyumba yake pale. Na alijiapiza jambo jingine: safari hii hakijengwi kitu bila karatasi ya ruhusa. Jiko lilikuwa limemfundisha.

Ndipo Jumapili moja tangazo likasomwa kanisani. Mji umeweka komisio, yaani kamati, ya kupunguza faini za nyumba. Aliyerekebisha kosa lake mwenyewe, na mkaguzi akathibitisha, atalipa robo tu, na kizuizi kitaondolewa siku ile ile. Robo ya mia nane na sitini ni mia mbili na kumi na tano. Hulda alipiga hesabu hiyo mara mbili kwenye kiganja, katikati ya wimbo wa mwisho. Zamu yake ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana fedha, ilikuwa karibu, na mbuzi alikuwepo. Zingetosha.

Jumamosi iliyofuata mama wa kanisa walikuja na sururu na majembe. Kufikia saa sita jiko halikuwepo. Na kwetu mtu aliyekuja kukusaidia kazi haondoki mikono mitupu. Kama ni kuvuna, anaondoka na mahindi. Kama ni kubomoa, anaondoka na matofali. Kila mama akafunga yake nane au kumi kwa mkanda wa kichwani, akashukuru, akaenda. Hulda akafagia vumbi lote, akasawazisha udongo, akapanda maua. Alisimama mlangoni akapaangalia mahali pale na kuona fahari, maskini.

Mkaguzi alifika Jumanne. Jina lake Chef Esdras, mtu mwembamba, viatu vyake vimeisha kisigino upande mmoja, faili kwapani.

"Mama Hulda, ile jiko iko wapi?"

"Haiko tena, Chef. Tulibomoa."

"Mi naona maua."

"Maua tulipanda fasi yake."

Esdras akafungua faili, akasoma, akafunga. "Donc nitaandika nini? Fomu inasema nipige picha, na musalaba wa biro uonekane, na namba yake. Pasipo musalaba nani atajua kama hii ndiyo kiwanja ya kwenye dosie? Labda jiko ilikuwa kwa jirani."

"Jirani ni ule Kakule anatuangalia pale. Muulize."

"Kakule si fomu, Mama."

"Chef, ulitaka tubomoe ao tusibomoe?"

"Kubomoa ni muzuri sana," alisema Esdras, na alisema kwa upole, jambo lililomuudhi Hulda kuliko kama angefoka. "Mais musalaba uonekane. Komisio inakaa Alhamisi ya juma lingine, kiisha inafunga. Tafuta musalaba, mi nitarudia Jumatano ya mbele yake."

Msalaba wenyewe ulikuwa umegawanywa kwa mama kumi na wanne. Hulda alikaa kwenye ngazi ya mlango, kisha akainuka akachukua mkanda wake. Alipita nyumba kwa nyumba. Kwa mke wa shemasi alikuta matofali matatu yenye rangi chini ya pipa la maji, akasaidia kuliinamisha pipa na kulowa hadi magotini. Kwa mama mwingine alitambaa kwenye banda la nguruwe. Kwa mwingine yalikuwa mafiga, rangi imefunikwa masizi, wakayasugua kwa mchanga hadi wekundu ukatokea. Kila mahali aliulizwa kama amejuta kutoa. Kila mahali alieleza upya habari ya fomu, na kila mahali walicheka, na kwa mlango wa saba alikuwa hawezi tena kucheka nao.

Ijumaa jioni aliyapanga uani. Mkono mmoja wa msalaba haukuwepo, wala namba. Matofali hayo aliyachukua Mama Tamar, mmoja wa wale kumi na wanne, na Mama Tamar alikuwa amempelekea binti yake Gracieuse aliyeolewa Beni.

Alfajiri Hulda akapanda gari la Beni. Bariera za barabarani zilikuwa tano, kila moja na swali lake na mkono wake dirishani. Alimkuta Gracieuse kando ya barabara akikaanga mikate kwenye mafuta, sufuria imekaa juu ya namba ya dosie.

"Mama Hulda, mafuta ndio inachemka. Bateja biko hapa."

"Nitangoja."

Alingoja hadi unga ukaisha, akanunua matofali mapya tisa kwa mtu wa ng'ambo ya barabara, akampa Gracieuse, akachukua ya kwake. Fikiria mwenyewe: alinunua matofali mazima ili apate yaliyovunjika pembe. Kisha akaenda kwa Salomon kulala.

Alikuta godoro nje. Mwenye nyumba, Ananie, alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni kama mtu aliyekuja kusalimia. Salomon alikuwa anakunja turubai, na watoto watano wamekaa juu ya fungu la sufuria.

"Miezi tatu, Mama," Ananie alimwambia Hulda. "Nimewavumilia miezi tatu. Na mi niko na batoto."

Mtu yule alisema kweli, na Hulda alilijua hilo. Salomon hakuinua uso.

"Yaya," alisema, kwa maana ndivyo alivyomwita dada yake tangu utoto, "nilitaka kukupigia simu. Niliona haya."

"Haya ya nini? Kiwanja ni ya baba. Alhamisi opozisio inatoka, Ijumaa tunaomba ruhusa. Beba godoro."

Wakarudi Butembo juu ya lori la mbao, watu wanane na matofali tisa. Usiku ule sebule ya Hulda ilijaa mikeka, na Rébecca akaomba msamaha kwa kila mtoto aliyekohoa. Hulda alimwambia aache. Alimwambia ni siku chache tu, na alikuwa anaamini.

Jumatatu na Jumanne Salomon aling'oa maua, akasimamisha ukuta mahali pale pale pa zamani, urefu wa kifua, kwa udongo mtupu bila simenti. Hulda alikuwa anampa matofali moja moja, akiyageuza, akipatanisha mstari na mstari. Ilichukua siku mbili. Jirani Kakule aliegemea ua wake na kushauri. Mwishowe msalaba ukasimama, tofali moja limepungua kwenye mkono wa kushoto, namba inasomeka. Hulda akarudi nyuma hatua kumi kuutazama. Miaka miwili alikuwa akiupita bila kuutazama.

Jumatano Esdras akaja. Akasimama mbele ya ukuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Voilà. Sasa nauona."

Akapiga picha. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaandika. Hulda alisoma shule ya kutosha kusoma mwandiko uliopinduka.

"Chef, umeandika nini pale?"

"Nimeandika ile mi naona. Jengo lingali limesimama barabarani."

"Ni weye ulisema musalaba uonekane."

"Nilisema musalaba, Mama. Hapana ukuta."

"Na musalaba itasimama juu ya nini? Juu ya upepo?"

Esdras alimtazama, kisha akatazama viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo penye kero. Miezi kadhaa alikuwa hajalipwa, fomu hakuitunga yeye, na nyumba aliyopanga mwenyewe ilikuwa na msalaba. Alisema hayo yote, polepole, na Hulda hakutaka kuyasikia. Alimpokonya Salomon jembe. Udongo ulikuwa bado mbichi, ukuta wa siku mbili ulianguka kwa mapigo sita, na matofali yakabingirika hadi kwenye miguu ya mkaguzi.

"Piga picha," alisema.

Esdras akapiga picha. Akaandika mstari wa pili chini ya ule wa kwanza, akatia sahihi, akaaga kwa heshima zote.

Alhamisi komisio ilikaa nyuma ya meza ndefu. Aliyesoma dosie alikuwa mzee wa miwani, Bwana Éliakim, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusoma maandiko kanisani. Hulda alikuwa na dola mia mbili na kumi na tano zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Mbuzi alikuwa ameshauzwa.

"Mama, hapa naona ulibomoa," alisema Bwana Éliakim. "Kiisha ukajenga tena fasi ile ile, picha iko. Kiisha ukabomoa tena. Hii ni kosa ya kurudilia."

"Nilijenga sababu ya picha, Baba. Chef Esdras anajua."

"Chef Esdras ameandika, na tarehe yake. Mutu wa kurudilia analipa nusu, hapana robo. Utalipa mia ine na makumi tatu."

Hulda akafungua pindo, akaweka noti zote mezani. "Niko na hizi. Mupokee leo, zingine nitaleta."

"Nusu ya nusu hatupokei, Mama. Andika barua. Komisio ingine ikikaa, tutaangalia."

"Itakaa lini?"

Bwana Éliakim akavua miwani, akawatazama wenzake. Mmoja alisema labda mwaka kesho. Mwingine alisema itategemea. Hulda akakusanya noti zake moja moja, akazifunga, na hakuna aliyemharakisha.

Alirudi kwa miguu. Upande wa Vuhovi wingu lilikuwa limeshuka, jeusi. Uani alimkuta Salomon amechuchumaa, anakwangua udongo kwenye matofali na kuyapanga. Ya rangi aliyaweka kando, juu ya gunia, kwa uangalifu, asije mtu akayahitaji tena. Watoto walikuwa wanamletea. Rébecca alikuwa anapika nje, jivu linapeperuka, kwa sababu jiko halikuwepo.

Salomon akasimama. Akautazama uso wa dada yake na hakuuliza habari za komisio.

"Yaya, nitatafuta nyumba ya kupanga. Nipe juma moja."

"Na utalipa na nini?"

Salomon akaokota tofali jingine, akalikwangua. Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya bati la nyumba, halafu mengine. Hulda akatoa noti kwenye pindo, akahesabu dola sitini, akampa.

"Nenda kwa muuza simenti mbele ya yeye kufunga. Kamba ya kupimia iko chini ya kitanda changu. Utajenga kule nyuma, mbali na barabara."

"Na karatasi? Ulisema hapana kujenga pasipo karatasi."

"Nilisema."

"Batakuya na rangi."

Hulda akainama kwenye gunia, akachukua tofali lenye namba ya dosie, akalipangusa kwa kitenge chake hadi wekundu ukang'aa, akamwekea mdogo wake mkononi.

"Anza na haya," alisema. "Rangi uielekeze inje. Tubarahisishie kazi."