Ukuta wa Kaskazini

Avril Raine alikuwa ameshika chupa ya maziwa kila mkono, wanakondoo wawili yatima wananyonya kwa fujo huku wanamsukumasukuma magoti, na pua yake yote iko kwenye oveni isije ikamuunguzia mkate wa zabibu. Leo alikuwa na mgeni. Mgeni mwenyewe ni afisa mipango, mtu wa vibali vya ujenzi, lakini mgeni ni mgeni, na katika bonde la Skelbeck hakuna mama anayejiheshimu anayemwekea mgeni biskuti za dukani.

"Clifford!" aliita kupitia dirisha la jikoni. "Njoo unyoe ndevu basi! Huyo kijana atadhani tulishakufa, tukasahauliwa."

"Kwani hata ndevu siku hizi zinaombewa kibali?" mumewe akajibu kutoka uani. "Subiri kwanza niwatie alama hawa."

Avril akacheka peke yake. Mzee huyu angeweza kukosa chai, angeweza kukosa kanisa, hata harusi ya bintiye nusura achelewe, lakini mwanakondoo hakuwahi kutoka zizini kwake bila alama. Mstari mmoja mwekundu, bega la kushoto. Ndiyo alama ya akina Raine tangu babu wa babu yake. Kondoo akipotea kule milimani na theluji ikamchanganya, yeyote atakayeuona mstari ule atajua mnyama ni wa nani, na atamrudisha. Kopo la rangi lilikaa kwenye msumari mlangoni pa zizi, halikosi, na Clifford alilishika hata siku zile alizokuwa na homa ya kumlaza chini.

Shida ya shamba lile haikuwa uvivu, na asije mtu akawasingizia. Chakula cha mifugo kilipanda bei, dizeli ikapanda, mbolea ndiyo usiseme, na bei ya mwanakondoo mnadani ikakaa palepale kama imegandishwa kwa gundi. Sufu, ambayo zamani ilisomesha watu, sasa haimlipi hata mnyoaji. Mwaka jana Clifford aliitandaza langoni juu ya matope ili trekta lisikwame. Jamani, sufu! Halafu wakaja mabwana kutoka serikalini, wakaitisha semina kwenye ukumbi wa kijiji, wakagawa sandwichi na kalamu, wakasema: wakulima, msitegemee kondoo peke yao, bunini njia nyingine ya mapato.

Basi akina Raine wakabuni. Walikuwa na ghala kuukuu la mawe kando ya njia ya miguu, na njia hiyo majira yote ya joto hupita watu wa mabegi mgongoni, wanagonga mlango kuuliza pa kulala. Vyumba viwili na jiko dogo, basi, hawakutaka hoteli. Kerry, binti yao wa pekee, alikuwa anapakia vifurushi kwenye bohari huko mjini. Yeye na mumewe Darren walikuwa wamesema wazi mezani siku ya Krismasi: ghala likipata kibali cha kulaza wageni, tunarudi nyumbani, tunaendesha vyumba na tunachunga kondoo. Na Clifford naye akasema lake. Nyonga yake isingevumilia majira mengine ya baridi peke yake. Kibali kikikataliwa, kundi lote linakwenda mnadani vuli, na shamba litafuata. Hakupandisha sauti aliposema hivyo, akaomba viazi.

Tangu hapo walipigwa danadana. Kwanza popo, ambao kisheria hawasumbuliwi: wakaambiwa wamlete mtaalamu wa popo, akaja, akakaa kwenye kiti kando ya ghala jioni nzima, hakuona popo hata mmoja, akatuma bili. Kisha barabara: gari likitoka langoni linaona umbali gani kushoto, umbali gani kulia. Kisha afisa aliyekuwa na faili lao, Bi Lorna, akapiga simu. "Ule ukuta wenu wa kaskazini umeinama," alisema. "Siwezi kumtuma mtu aingie humo ukamwangukia. Ufanyeni uwe salama kwanza."

Ndipo Clifford akaufanya uwe salama, kwa namna anayoijua yeye. Aliushusha wote mpaka kwenye msingi, akayapanga mawe kwenye majani kwa mistari kama wanafunzi wa paredi, akayaandika namba kwa chaki, akayarudisha moja moja. Jiwe lililokuwa na kuvu upande wa nje likarudi na kuvu lake nje. Theluji ilikuwa bado inaanguka. Avril alimtazama kutoka dirisha la jikoni, timazi ya babu yake, ile kamba yenye risasi ya kupimia unyoofu, ikining'inia mkononi mwa mzee, naye anapiga mbinja. Tangu nyonga ianze kumsumbua hakuwahi kumsikia akipiga mbinja. Moyo wa Avril ulimjaa hata akasahau sufuria motoni.

Hakumwambia neno. Watu wa bonde lile si watu wa kusifiana. Ukimwambia mwenzio "si mbaya", hapo umemmwagia sifa za mwaka mzima.

Afisa alifika kwenye saa nne, kijana mwembamba aitwaye Hirst, mabuti yake ya mpira mapya kabisa. Alikuwa mpole. Alikula mkate wa zabibu vipande viwili akaomba na cha tatu, jambo lililompandisha cheo machoni pa Avril.

"Bi Lorna ameacha kazi," alisema, akifuta siagi kidoleni. "Mafaili yake nimerithi mimi. Niwieni radhi kwa kucheleweshwa kote huku."

"Tumezoea," Clifford alisema.

Walikuwa hawajafika hata nusu ya uwanja kuelekea ghalani, wakasikia kondoo jike analia vibaya kule zizini, ule mlio wa kondoo aliyekwamiwa na mtoto wakati wa kuzaa. Clifford akageuka tayari anakunja mikono ya shati. "Mke wangu, mwonyeshe wewe," alisema. "Mimi huyu nikimwacha, atakufa." Akaenda mbio kwa mguu mmoja na nusu.

Kwa hiyo Avril ndiye aliyeingia na afisa ghalani. Palikuwa pakavu, panatoa harufu ya chokaa. Hirst alimulika tochi kwenye mihimili, akapima mlango, akachungulia darini, akabofyabofya kishikwambi chake. Avril alisimama ameshikanisha mikono kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Nitakuambia ukweli, Mama Raine," Hirst alisema mwishowe. "Nilikuja na wasiwasi. Mengi ya maghala haya ni magofu. Lakini hili liko imara. Popo hakuna, barabara tumeshamalizana. Kwa upande wangu sioni kizuizi."

Lo! Akilini Avril alimwona Kerry akishuka kwenye gari na masanduku yake. Aliona moshi unatoka kwenye bomba la ghala.

Hirst akaupapasa ukuta wa kaskazini kwa kiganja. "Na huu ukuta," alisema, "kwa umri wake umenyooka ajabu."

Hapo ndipo mdomo wa mama wa watu ulipofunguka. Pengine ni furaha. Pengine ni zile sifa alizozimeza dirishani tangu theluji ile, zikitafuta pa kutokea.

"Kwa nini usinyooke!" alisema. "Clifford huyo, mwanangu! Aliushusha wote akaujenga upya kwa mikono yake, jiwe kwa jiwe, toka msingi, na nyonga yake hiyo. Kwenye theluji! Utapata wapi fundi wa namna hiyo leo?"

Kidole cha Hirst kikasimama juu ya kioo cha kishikwambi.

"Aliujenga upya?"

"Naam!"

"Wote?"

"Toka msingi, nakwambia." Avril alikuwa bado anatabasamu. Kisha akauona uso wa kijana, na tabasamu likabaki pale halina pa kwenda.

Hirst akavuta pumzi. "Mama Raine, sheria inaruhusu kubadili matumizi ya jengo lililosimama. Ukuta ukishushwa na kujengwa tena, hilo kisheria ni jengo jipya. Na nyumba mpya za kulala watu haziruhusiwi bondeni huku."

"Lakini ni mawe yaleyale!"

"Najua."

"Na ni ninyi mliotuambia tuufanye salama. Bi Lorna alisema!"

"Kuushikiza kwa nguzo, hiyo ingekuwa sawa. Kuujenga ni jambo lingine. Alikuandikieni?"

"Alipiga simu."

"Kwenye faili hakuna habari ya simu," Hirst alisema kwa sauti ya chini.

"Na ghala la yule bwana wa mjini, pale chini darajani? Lilikuwa limebaki ukuta mmoja, tena mbuzi wanaupanda. Leo lina bwawa la maji moto!"

"Yule alileta mhandisi na wakili kabla hajagusa jiwe, mama. Walijua namna ya kuandika."

Avril hakuwahi kumwomba mtu kitu tangu azaliwe. Alimsogelea kijana hata akanusa siagi yake mwenyewe kwenye pumzi zake. "Mwanangu," alisema, "si ufanye kama hukusikia? Tuko wawili tu humu."

Hirst akatazama mlango. "Picha za zamani ziko kwenye faili, ukuta umeinama. Nilipoingia nikaona umenyooka, nikajiambia labda mpiga picha alipinda yeye. Ningeondoka na hilo, nisingeuliza zaidi. Laiti usingeniambia, mama. Sasa najua, na nikiandika uongo wakaja kukagua, kazi sina. Nina mtoto mchanga nyumbani." Akazima kishikwambi. "Mkilitumia ghala kwa mifugo hakuna tatizo. Kwa kondoo hamhitaji kibali."

Alikataa mkate uliobaki ambao Avril, kwa mazoea tu, alikuwa amemfungia kwenye karatasi. Gari lake dogo likashuka njia ya mawe polepole sana, na mvua ikaanza.

Clifford akatokea zizini mikono imelowa hadi viwikoni, anacheka. "Mapacha!" alisema. "Mmoja alitanguliza matako, mkaidi mkubwa. Ameshaondoka? Kasemaje?"

Avril akamwambia. Alimwambia akiwa amesimama mvuani, yote isipokuwa la mdomo wake. Clifford alisikiliza huku anafuta mikono kwa nyasi. Mwanzo alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaendelea kufuta mikono iliyokwisha kutakata.

"Kwa hiyo kama ningeuacha umeinama," alisema.

"Wangesema si salama."

"Na kama ungeanguka wenyewe."

"Wangesema si jengo tena."

"Basi," alisema. Akatazama kule ghalani. "Na ya ukuta alijuaje?"

"Mimi nilimwambia." Akajishika mdomo. "Ni mdomo wangu, Clifford. Aliusifia, na mimi nikaona... nilikusifu. Nilisema hakuna fundi kama wewe."

Clifford alimkodolea macho mkewe kama anayemwona mara ya kwanza. Miaka yote ile ya ndoa, sifa moja, na ilibidi iwe leo. Avril alitamani amfokee, avunje kitu, apige teke ndoo. Mzee alimwekea tu kiganja shavuni, kinanuka kondoo, akakiondoa.

"Ulisema hivyo kweli?" aliuliza.

"Nilisema."

"Hm," alisema, akageuka akaenda zake.

Kerry alipiga simu mchana, hata hakusalimia. "Mama! Kasemaje? Nimeona mapazia hapa, ya buluu, nichukue?"

"Usichukue, mwanangu."

Kule upande wa pili palikuwa na kelele za watu na matroli. Kerry hakuuliza kwa nini. "Baba yuko wapi?" alisema.

"Yuko na kondoo."

"Basi mwambie... Ah, usimwambie kitu. Darren alikuwa ameshaambiwa kazini kwake mkataba wake wataurefusha. Tungewaambia hapana." Akalia kidogo, akajikaza, akasema muda wa mapumziko umekwisha.

Avril akavaa koti akatoka. Mvua ilikuwa imeshika kasi. Alimkuta Clifford ghalani, amemhamishia humo yule kondoo na mapacha wake, amewatandikia nyasi safi chini ya ukuta wa kaskazini, pale ambapo kingekaa kitanda cha kwanza. Ukuta haukupitisha upepo wala tone. Kondoo alikuwa anawalamba watoto, nao wanatikisa vikia na kunyonya.

"Wamependeza," Avril alisema, kwa kukosa la kusema.

"Si mbaya," Clifford alisema.

Alikuwa ameshamaliza kazi, amekaa juu ya ndoo, anawatazama. Avril naye akawatazama. Ilimchukua muda kujua ni kitu gani kinachomsumbua machoni. Kisha akayaona mabega yao, meupe kabisa.

"Clifford, hawa hujawatia alama."

Mzee hakugeuka.

"Atakayewanunua," alisema, "atawatia ya kwake."